Mheshimiwa Waziri, tunaomba chumba kimoja cha kufuga nzi, kansa inatumaliza

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni msaidizi wa maabara kwenye chuo kimoja hapa Tanzania na naandika nikiwa na uchungu, maana andiko letu la kuomba fedha za utafiti wa kansa kwa kutumia nzi limekataliwa, na kwenye kikao mjumbe mmoja aliuliza eti hela ya serikali iende kufuga nzi? Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka kwasababu mama yangu mdogo kafa na kansa ya koo la chakula, alianza kukwama na ugali, ikaja kuwa uji, mwisho hata maji hayapiti.

Naomba nieleze vizuri, hawa sio wale nzi wa maembe walioingia huku mwaka 2003 wakawatia hasara wakulima. Ni vile vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana. Asili yao ni hapa hapa Afrika, wazungu ndo wametutangulia kuwafanyia kazi: mwanasayansi Thomas Hunt Morgan kule New York mwaka 1910 alimpata nzi mmoja mwenye macho meupe, na kwa huyo mmoja akaonyesha kwamba jeni, yale maelekezo tunayorithi kwa wazazi, zinakaa kwenye kromosomu, vile vinyuzi vilivyo ndani ya seli, 1933 akapewa tuzo ya Nobel.

Na gharama yake sasa! Unga wa mahindi, sukari, hamira, agari kidogo ya kugandishia, chupa na pamba ya kuziba. Kwenye joto la nyuzi 25 yai linakuwa nzi mzima ndani ya siku 10 hivi, jike mmoja anataga mayai mamia, kwahiyo kitu ambacho kwa panya kinakula miaka kwa nzi unakiona ndani ya muhula mmoja.

Najua mtu atauliza nzi na binadamu wapi na wapi. Karibu robo tatu ya jeni zinazohusika na magonjwa yetu zina mwenzake kwa nzi. Chukua jeni inaitwa Notch, ilijulikana miaka zaidi ya 100 iliyopita kwa nzi waliozaliwa na mabawa yenye pengo pembeni, basi, na leo ukipima uvimbe wa kansa ya koo kwa binadamu jeni ndugu yake ni moja ya zinazokutwa zimeharibika mara nyingi. Hiyo hiyo kansa iliyomuua mama mdogo, ambayo ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika ni kati ya maeneo yanayoongoza nayo duniani.

Kuna mfano mwingine naupenda sana. Kuna kansa ya tezi ya shingo inayoletwa na jeni inaitwa RET ikiharibika. Watafiti Marekani wakawatengeneza nzi wenye RET mbovu kwenye jicho, jicho likaota vibaya, likawa na mabonde. Wakawachanganyia dawa ya vandetanib kwenye chakula na macho yakawa afadhali, hiyo ni 2005. Dawa ikaendelea kujaribiwa kwa wagonjwa, na 2011 ikaruhusiwa Marekani kutibu kansa hiyo. Sisemi nzi peke yake anatosha, hana mapafu wala matiti, na dawa inayomsaidia nzi inaweza isimsaidie mtu, lakini anakuchujia mapema, kati ya vitu mia unajua vipi vitano vya kupeleka mbele.

Wenzetu Uganda walishaanza, kule Ishaka mafunzo ya nzi yamefanyika tangu 2013 chini ya DrosAfrica, mradi wa kufundisha utafiti wa nzi hawa Afrika, na wanasayansi vijana wa nchi mbalimbali za Afrika wamepita pale. Sisi tuna hospitali ya Ocean Road, tuna Muhimbili, wagonjwa wa koo wanapokelewa kila siku. Jeni zilizoharibika kwa wagonjwa wetu wenyewe tungeziweka kwa nzi hapa hapa na kuangalia ipi inakuza uvimbe na nini kinaupunguza.

Ombi letu Mheshimiwa ni chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachoshika nyuzi 25 usiku na mchana, jenereta maana umeme ukikatika Desemba nzi wanakufa kwa joto, hadubini nne, na mafundi wawili wenye ajira. Na tunaomba maandiko ya namna hii yasomwe na mtu wa baiolojia kabla hayajafika kwenye kikao.

Ukipata nafasi, nakukaribisha uje uangalie jicho la nzi kwenye hadubini, hadubini moja tunayo tayari.

Wako mtiifu,
Msaidizi wa maabara