Bibi, huku wazee wanachuma majani

Kamikatsu, 14 Novemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Mimi mzima, ila baridi imeanza kuuma kama ile ya kwetu Lushoto mwezi wa saba.

Mji wenyewe uko milimani, kisiwa cha Shikoku, huku Japani. Watu hawafiki 1,500, na zaidi ya nusu wamevuka miaka 65. Mpunga wanalima kwenye matuta yanayopanda mlima kama ngazi. Siku ya kwanza kuyaona nilikukumbuka wewe na jembe lako.

Gari la taka halipo. Kila mtu anapeleka taka zake kituoni na kuzigawa mafungu zaidi ya 40, hata kifuniko kina ndoo yake. Tangu 2003 wameazimia wasichome wala wasifukie taka. Bado hawajafika mwisho, lakini takriban asilimia 80 zinatumika tena. Nami siku hizi mifuko ya plastiki naiosha na kuianika kambani pamoja na nguo.

Ila hasa nataka kukusimulia habari ya majani. Mwaka 1981 baridi kali iliwaulia michenza, na machenza ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha. Mwaka 1986 bwana shamba wa ushirika, Yokoishi Tomoji, akaanza nao biashara ya majani ya kupambia sahani za chakula mahotelini. Wengi walimshangaa: jani nalo linauzwa?

Jirani yangu ana miaka themanini na kitu. Asubuhi anafungua tableti, anawahi oda kabla wenzake hawajaichukua, halafu huyo bustanini. Anachuma momiji, jani jekundu lenye vidole kama kiganja cha mtoto. Analiinua kwenye mwanga, analigeuza. Lenye doa anatenga. Mazuri anayapanga kwenye trei, yote saizi moja. Juzi nilikaa naye kibarazani akanionyesha doa dogo mno, mimi sikuwa nimeliona kabisa.

Bibi, najua mjomba amekukataza shamba kwa sababu ya mguu. Kule mlimani sawa, usipande. Lakini mbegu za maharage nani anazichagua kama wewe? Akuwekee kiti na ungo pale uani, akuletee magunia. Nitampigia Jumamosi nimwombe mwenyewe.

Mjukuu wako akupendaye.