Merikani: salamu za Idd kutoka Bagamoyo

Assalaam alaykum ndugu zangu, majirani, na wanafunzi wangu mliotawanyika kila pembe. Mwezi ukiandama leo, kesho tunaswali Idd. Usipoandama, tunakamilisha thelathini. Vyovyote iwavyo, nawatangulizia mkono wa Idd. Taqabbala Allahu minna wa minkum.

Jana baada ya futari nilikwenda kwa fundi, huku Mji Mkongwe, kuchukua kanzu ya mjukuu. Baraza limejaa watu, cherehani hazipumziki, kila mtu anadai nguo yake ndiyo iliyotangulia. Mzee mmoja akamuuliza fundi kama ana merikani. Vijana wakatazamana. Mimi neno hilo nililikuta kinywani mwa marehemu bibi yangu: ile nguo ya pamba nzito, nyeupe isiyo ng'aa, kwake ilikuwa merikani na haina jina jingine. Nilikua nikilisema bila kujiuliza limetoka wapi.

Limetoka Marekani kweli. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na nchi hiyo, na merikebu za Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, zikawa zikiteremsha Unguja majora ya kitambaa hicho na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Kutoka Unguja yalivushwa hadi Bagamoyo, yakafungwa mizigo, na wapagazi wa Kinyamwezi wakajitwika hadi Tabora na Ujiji. Nguo ilihesabiwa kwa shuka na doti, na ndiyo iliyolipia hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa machifu wa njiani. Kwa watu wa msafara, merikani ilikuwa fedha.

Sasa, viwanda vya Massachusetts havikulima pamba. Pamba ililimwa majimbo ya Kusini, na aliyeichuma alikuwa mtumwa ambaye wazee wake walichukuliwa bara hili letu. Sensa yao ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4 katika nchi ya watu milioni 31. South Carolina na Mississippi, watumwa walikuwa wengi kuliko walio huru.

Darasani niliulizwa kila mwaka: Mwalimu, Wamarekani wale, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, walipigania nini hasa? Wapo wanaojibu ushuru wa forodha, wapo wanaojibu haki za majimbo. Mimi nawaambia yasikilizeni yenyewe majimbo ya Kusini yaliyojitenga na nchi, maana yaliandika. Mississippi ilitamka kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. South Carolina ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kurudisha watumwa waliotoroka. Hapo hoja ya haki za majimbo inanishinda kuielewa, kwa sababu Kaskazini nayo ilikuwa majimbo, na kukataa kwake ndiko kulikowaudhi.

Moto uliwakia kwenye ardhi mpya za magharibi: je, huko nako mtu ataruhusiwa kumiliki mtu? Mwaka 1820 walichora mpaka, kaskazini yake utumwa usiingie, wakapata utulivu wa miaka. Mwaka 1854 Bunge likaufuta mpaka ule, likawaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe, na Kansas ikajaa watu wenye bunduki kutoka pande zote mbili. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ikamkatalia mtumwa Dred Scott aliyedai uhuru wake, ikasema mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia. Abraham Lincoln aliposhinda uchaguzi wa urais wa Novemba 1860 hakuahidi kufuta utumwa wa Kusini. Alisema tu usienee. Hata hilo lilikuwa zito kwao. Tarehe 20 Desemba South Carolina ikajitenga, wengine wakafuata, na baada ya mizinga ya ngome ya Fort Sumter, Aprili 1861, iliyofungua vita, wakatimia majimbo 11. Walikufa askari zaidi ya 600,000. Huku kwetu merikani ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na India zikashika nafasi yake.

Lakini kinachonikaa moyoni mwezi huu ni kwamba waumini waligawanyika kabla ya nchi. Wamethodisti walipasuka 1844, Wabaptisti 1845, Kusini na Kaskazini, kwa sababu ya utumwa. Watu wa kitabu kimoja walishindwa kusali pamoja miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza.

Nasi tusijitoe. Sura ya Al-Balad inakutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni kuipanda ile njia ngumu ya mlimani. Kafara ya aliyemwendea mkewe mchana wa Ramadhani inaanza na hilo hilo. Wazee wetu waliyajua, walifunga, na wengine wao walimiliki watu. Ni kweli kwamba waliouzwa wengi walipitia Kilwa na kwamba Bagamoyo ilivuma zaidi kwa pembe, ila hata mashamba ya huku yalilimwa na watumwa. Marekani iliufuta utumwa kwa katiba 1865. Tanganyika sheria ya kuufuta ilikuja 1922. Mama yake bibi yangu alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Kabla ya swala, mkitoa zakatul-fitri, wakumbukeni kwa dua ndugu zetu wa Sudan. Vita vyao vya sasa vilianza ndani ya Ramadhani, tarehe 15 Aprili 2023, watu wakiwa na saumu zao. Wakimbizi nao ni watoto wa Idd.

Yule mzee, fundi hakuwa na merikani. Akamkatia nguo nyingine nyeupe ya pamba, akataka kumpima mabega. Mzee akaikunja taratibu, akasema kanzu ya Idd anayo, hii ni ya kuweka sandukuni, siku yake ikifika wasihangaike kutafuta. Kibaraza chote kikanyamaza, hata cherehani.

Niliyemkosea kwa neno au kwa kalamu nyekundu, naomba anisamehe. Kesho baada ya swala mlango wangu u wazi: pilau ipo, tambi zipo, visheti wajukuu wamekwisha kuvianza. Walio mbali, pigeni simu baada ya adhuhuri, asubuhi nitakuwa makaburini kumsalimia bibi. Idd Mubarak.