Shangazi, usiitupe kompyuta hiyo

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengi wenye swali kama lako. Kompyuta imekuandikia kwamba haifai kwa Windows 11, na Windows 10 iliyomo iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama bure tarehe 14 Oktoba 2025. Ukaniuliza ununue nyingine au uendelee hivyo hivyo. Mimi sikushauri lolote kati ya hayo. Mashine yako ni nzima. Windows 11 inaikataa kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, hakuna kilichoharibika.

Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Utakapouliza watu watakutajia Ubuntu, Fedora, Debian, Zorin na matoleo mengine ya Linux mpaka kichwa kikuume. Yote yamejengwa juu ya kiini kimoja, Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Tofauti kubwa utakayoiona wewe ni sura na jinsi mambo yalivyopangwa. Asije mtu akakuwekea Arch, toleo jingine la Linux, kwa kuwa yeye anaipenda: hiyo ni ya anayetaka kujenga kila kitu kwa mkono wake, na wewe unataka kuandika barua na kutunza picha.

Kwenye Mint menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, kama ulivyozoea. Firefox na LibreOffice zimo tayari. Toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Mint huja kwa sura mbalimbali: kama RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi) ni GB 4, chukua Mint ya Xfce, ni nyepesi; ikiwa GB 8, chukua ya Cinnamon.

Sasa lililo muhimu kuliko jina lolote: ijaribu kabla ya kuisakinisha. Mint huandikwa kwenye fleshi (GB 8 inatosha, ila vilivyomo vitafutika), kisha kompyuta ikawashwa kutoka kwenye fleshi hiyo. Diski yako haiguswi mradi hujaanza kusakinisha. Itakwenda polepole kidogo, ni kawaida. Unganisha Wi-Fi, cheza wimbo, fungua kamera, na tafadhali chapisha ukurasa mmoja. Printa nyingi hutambuliwa zenyewe, lakini iliyogoma ni bora uijue leo kuliko siku una haraka. Ipe siku mbili tatu za majaribio, ukikumbuka kwamba unachokihifadhi humo hupotea ukizima.

Kuna jambo bado linaniuma. Niliwahi kumbadilishia rafiki mfumo bila kumuuliza anatumia nini. Kumbe kazi yake yote ilikuwa ndani ya programu ya hesabu inayokubali Windows tu. Wiki ya pili nikamrudishia Windows yake, na siku alizopoteza sikuweza kumlipa. Kwa hiyo, Shangazi, andika kwenye karatasi kila programu unayoifungua kwa mwezi mzima. Word na Excel za kusakinisha hazitaingia Mint. LibreOffice itafungua mafaili yake, ingawa jedwali lenye mbwembwe huweza kusogea. Faili unalompelekea mtu asome tu, mtumie kwa PDF. Ikiwa karatasini kuna programu isiyo na mbadala, niambie kwanza, tusibadilishe chochote.

Ukisharidhika, tutasakinisha pamoja kwa simu. Baadaye nitakuonyesha Timeshift, programu inayoweza kuurudisha mfumo ulivyokuwa jana pakitokea hitilafu. Lakini kwa kawaida hiyo haitunzi picha wala barua zako, na kusakinisha kwa kufuta diski huondoa kila kitu. Picha za Babu ziko humo humo tu. Zihamishie kwenye diski ya nje kabla sijapiga, kisha ufungue chache ukitumia kompyuta nyingine, uone kama zinafunguka.