Barua kutoka Mokpo: usiishie Seoul

Shoga yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Mimi mzima, ila baridi ya huku tu ndiyo inayoniandama. Habari za kuchaguliwa kwako kwenye mafunzo ya huku Korea Kusini nilizisikia kwa dada kabla barua yako haijafika, na nimefurahi kama niliyechaguliwa mimi. Umeniuliza ufanye nini na zile siku utakazobakia nazo mafunzo yakimalizika, na papo hapo umeshajijibu mwenyewe: Seoul, na Seoul, na Seoul tena. Basi nakuandikia kukukataza.

Seoul yenyewe haina ubaya. Siku utakazokuwa darasani zitakutosha kuuona mji jioni na Jumapili. Ukifika tu nunua kadi ya T-money kwenye viduka vinavyokesha, kwa sababu kadi hiyo hiyo utapandia mabasi na treni za chini ya ardhi Seoul, utapandia Busan, na mabasi ya Jeju pia. Weka Naver Map kwenye simu; ramani ya Google huku haikuongozi vizuri, utazungushwa mpaka ulie. Kasri la Gyeongbokgung, lililojengwa 1395, hufungwa Jumanne, na ukivaa hanbok, vazi lao la jadi, la kukodi huingia bure. Kwa kupenda kwako kuvaa, hilo sina haja ya kulisisitiza. Ijumaa panda kile kilima cha Itaewon, msikiti mkuu upo hapo tangu 1976, na vichochoro vya chini yake vimejaa nyama ya halali. Ukiamkiwa "shikamoo" na kijana wa Kikorea, usidhani umeota: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinasomesha Kiswahili miaka mingi.

Basi, Seoul imekwisha. Kata tiketi ya KTX, treni yao ya mwendo kasi, uende Busan. Ni saa mbili na nusu hivi, na kwenye kioo cha behewa utaona mwendo unaandikwa kilomita 300 kwa saa. Zile za aina ya Sancheon zimeundwa na Hyundai Rotem, kiwanda hicho hicho kilichounda treni yetu ya SGR Tanzania, ile tunayoiita mchongoko, kwa hiyo kaa kwa kujidai kidogo.

Busan ni mji wa bandari, na watu wake wanasema kwa sauti kubwa, hawana ule upole wa Seoul wa kunong'onezana kwenye treni. Wakati wa Vita vya Korea, 1950 mpaka 1953, mji huu ulikuwa makao makuu ya muda ya serikali, na wakimbizi wakamiminika kutoka kila upande. Tambarare zikajaa, wakapanda vilimani kujenga vibanda. Ndiyo maana utaona nyumba za Gamcheon zimepandana namna ile. Leo zimepakwa rangi na wageni wanapanga foleni kupiga picha, lakini ndani wanakaa watu, wanafua na kupika, nawe usichungulie madirisha kama nilivyoona wengine wakifanya. Ukishuka nenda soko la samaki la Jagalchi. Wauzaji karibu wote ni wanawake, buti za mpira mpaka magotini, na bei hupangwa kwa jicho. Unachagua samaki chini angali hai, unapanda juu unapikiwa. Yule pweza mdogo anayekatwa vipande na kuletwa mezani huku bado anacheza, mimi amenishinda. Na popote utakapoona neno dwaeji kwenye orodha ya chakula, ruka, huyo nguruwe. Busan wanajivunia supu yake.

Sasa Jeju, ambako ndiko hasa ninakotaka uende. Ndege kutoka Busan au Seoul ni kama saa moja, na zinaondoka kwa wingi ajabu. Kisiwa kinaizidi Unguja kidogo kwa ukubwa, ila chenyewe kimetokana na volkano: mawe meusi kila mahali, na katikati umesimama Hallasan, mita 1,947, hakuna mlima mrefu kuliko huo Korea Kusini nzima. Mashamba ya machungwa yamezungukwa na kuta za mawe hayo, yamepangwa bila udongo wala saruji, yana matundu. Nikafikiri ni uvivu. Mzee mmoja akanionyesha kwa mkono: upepo unapita matunduni, ukuta hauanguki. Ukuta usio na tundu, upepo wa kule ungeulaza siku ya kwanza.

Nenda pwani ya mashariki, Seongsan na Sehwa, ukawaone haenyeo. Hawa ni wanawake wazamiaji, wanashuka mita kumi na zaidi bila ya mtungi wa hewa, pumzi yao tu, wakitafuta konokono wa thamani wanaoitwa jeonbok, na kombe, na mwani. Kila mmoja ana boya lake la rangi ya machungwa lenye wavu chini, linamngojea juu. Akiibuka anatoa pumzi kwa mluzi mwembamba mrefu. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni ndege. Wengi wao wamepita miaka 60, na unawaona wanashuka majini kwenye baridi ambayo mimi nimevaa makoti mawili.

Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wao. Wana daraja tatu kwa ustadi, na walio daraja la juu ndio wanaokwenda maji ya kina. Maji ya karibu, yasiyo na hatari, huachiwa vikongwe. Sehemu hiyo inaitwa bahari ya bibi, na kijana mwenye nguvu hathubutu kuzamia hapo. Hakuna mtu anayezamia peke yake. Na usidhani ni wapole: 1932 wazamiaji wa Sehwa na vijiji vya jirani waliandamana dhidi ya utawala wa Wajapani uliokuwa ukiwapunja bei. Jumba lao la makumbusho limejengwa pale pale. UNESCO iliwaorodhesha 2016, sherehe zikafanywa, lakini mabinti zao wanapenda kazi za ofisini, na waliobaki hawafiki 3,000. Mama zetu wa Paje na Jambiani nao wanaingia baharini kila maji yakipwa kufunga mwani na kuchokoa pweza, na sijaona kikongwe wao aliyewekewa sehemu yake. Hilo nimeliwaza sana. Halafu huku mwani wanaula wenyewe, supu yake kila mama aliyejifungua lazima anywe, ilhali wetu tunaujaza magunia tukauza nje.

Ukiwa na nusu siku, panda basi uende bustani ya amani ya 4.3, yaani mwezi wa nne tarehe tatu. Kati ya 1947 na 1954, serikali ilipokuwa ikizima uasi kisiwani, waliuawa watu wanaokadiriwa 25,000 mpaka 30,000, karibu mtu mmoja katika kila kumi, na vijiji vya ndani vikachomwa moto. Kwa miongo mingi kulitaja jambo hilo ilikuwa hatari. Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi 2003. Majina yamechongwa kijiji kwa kijiji, na umri wa kila mtu, wengine mwaka mmoja, wengine miwili. Sisi tuliokulia visiwani tunakijua kimya cha wazee, kwa hiyo sitakueleza zaidi. Utaelewa ukifika.

Kutoka Jeju usirudi kwa ndege. Panda meli mpaka Mokpo, saa nne na ushei, na hapa ndipo ninapokuandikia. Mbele ya bandari hii kuna visiwa mia na mia, vingine vina nyumba chache tu. Bahari ya upande huu inakupwa na kujaa kwa namna ambayo hata sisi hatuijui: Incheon, bamvua, tofauti hufika karibu mita 9, na kwetu ikifika 4 tunasema bahari imekimbia. Jirani hapa, Jindo, maji yakikauka sana masika hujitokeza njia ya karibu kilomita tatu mpaka kisiwa cha pili, na watu husafiri nchi nzima kuja kutembea juu yake. Mtoto wa Jambiani angewashangaa.

Lakini Jindo ndiko pia ilikozama meli ya Sewol, tarehe 16 Aprili 2014, ikitoka Incheon kwenda Jeju. Walikufa 304, wengi wao wanafunzi wa skuli moja waliokuwa safarini. Meli yenyewe iliibuliwa 2017 ikaletwa bandari mpya ya Mokpo, imeota kutu, na kwenye uzio zimefungwa tepe za manjano. Nilikwenda. Nilikumbuka Septemba ile ya 2011, ilipozama kwetu meli ya Spice Islander, na wewe uliyekesha nami redioni tukisubiri majina. Sikukaa sana.

Nisije nikakuacha na huzuni, nikwambie na chakula. Fahari ya Mokpo ni samaki taa aliyevundikwa mpaka akatoa harufu ya kupasua pua, machozi yanakutoka kabla hujatafuna. Wenyewe humla pamoja na nguruwe. Mimi niliomba taa peke yake, mama mwenye mkahawa akacheka akaniletea na kimchi, kabeji yao ya kuvundika yenye pilipili. Wewe unayefunika pua ukipita kwa papa wakavu wa Malindi, sijui utafika hata mlangoni.

Usipange safari Julai, ni mvua tupu, na baada yake tufani. Mwezi wa tano au wa kumi ndiyo hali nzuri. Tiketi ya meli ikate mapema na pasipoti uwe nayo mkononi, kwa sababu wanalinganisha jina na sura, abiria mmoja mmoja, na asiye nayo hapandi. Nami nikijaaliwa likizo, nitakungojea Busan, steshini, twende Jeju sote. Niletee ubuyu, ule mwekundu wa pilipili, na usiule njiani.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wasalaam,
Shoga yako