Wapanda milima wa Dodoma, tupige hodi vitongojini kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu wanaopanda milima siku za mapumziko jambo ambalo kikundi chetu kililijua kwa kuchelewa. Tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji mwaka 2018, naona vikundi vya namna hii vinaongezeka, na wengi wetu, baada ya kuuzoea Mlimwa, sasa tunakwenda Chenene, Kondoa na Kiboriani kule Mpwapwa, ambako mtandao wa simu haushiki kila mahali na gari haliwezi kukufuata ulipo.

Agosti mwaka jana tulikuwa sita Kiboriani. Saa nane mchana, tukiteremka, mwenzetu aliteleza kwenye changarawe na mguu wake ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Kinachonisumbua hadi leo ni nusu saa tuliyoipoteza tukibishana huku yeye akilia kwa maumivu: mmoja alitaka kumvua kiatu kwa nguvu, mwingine kuunyoosha mguu, wa tatu kumsimamisha ajaribu kukanyaga. Yote matatu yangemzidishia madhara. Mguu uliovunjika hapo hufungwa banzi kama ulivyo, kwa fimbo zinazopita goti na kifundo, zikiwekewa nguo laini ndani na kufungwa kwa vipande vya kanga pasipo kukaza juu ya jeraha lenyewe. Kisha vidole hukaguliwa mara kwa mara, na vikiwa vya baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, vifungo hulegezwa.

Wawili walikwenda kutafuta msaada bila kuandika chochote. Walipofika kitongojini waliweza kusema tu kwamba tuko kwenye korongo lenye mawe mengi, na makorongo ya namna hiyo kule hayahesabiki. Laiti wangebeba karatasi yenye saa ya ajali, hali ya mgonjwa, idadi ya waliobaki na namba za mahali tulipo, ambazo simu huweza kuzipata kutoka kwenye setilaiti hata pasipo mtandao, tusingesubiri hadi saa mbili usiku. Upepo wa Agosti mlimani ni mkali, nasi tulimfunika majeruhi kwa makoti yote tuliyokuwa nayo lakini tukamwacha amelala juu ya jiwe tupu, bila kujua kwamba baridi ya chini humwingia mtu upesi na kwamba mabegi na majani makavu yangemfaa kama tandiko.

Ingekuwa ni kifutu au koboko aliyemwuma, hali ingekuwa mbaya zaidi, maana aliyeumwa na nyoka hapaswi kutembea. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala mguu usikazwe kwa kamba. Avuliwe pete na viatu kabla ya uvimbe, atulizwe, abebwe hadi hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu ya nyoka.

Waliotubebea mwenzetu ni wanakijiji, kwa machela waliyoiunda kwa miti miwili na magunia, wakipokezana wanne wanne gizani kwa zaidi ya saa tatu. Mzee aliyewaongoza aliniuliza kwa upole kwa nini tulipita asubuhi pembeni mwa nyumba yake bila hodi, kwa kuwa angetupa kijana anayeyajua makorongo yote. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi: kabla ya kupanda, mwenyekiti wa kitongoji aachiwe majina, njia mtakayopita na saa ya kurudi, na akubaliane nanyi ni saa ngapi aanze kuwatafuta. Ofisi za vijiji nazo ziweke daftari kwa ajili hiyo, na kila kikundi kiwe na walau watu wawili waliofundishwa huduma ya kwanza. Mwenzetu bado anatembelea gongo, na Jumamosi ijayo tunakwenda naye kwa gari kumshukuru mzee yule.

Mpanda milima,
Dodoma