Malkia Victoria, mawaziri wake wakuu na ibara mbili za Mkataba wa 1890

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalonikera kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyowasomesha vijana wetu habari za Mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, uliozitia Unguja na Pemba chini ya himaya ya Uingereza. Barazani na madarasani husikika kauli mbili. Wapo wasemao kwamba Malkia Victoria ndiye aliyetuchukua, kana kwamba aliviona visiwa vyetu kwenye ramani akavitamani. Na wapo wasemao kwamba Malkia yule alikuwa pambo tu, wenye kuamua wakiwa mawaziri wake wakuu. Kauli zote mbili zinapotosha, na ubaya wake mkubwa ni kwamba zinaificha sehemu ya habari ambayo sisi Wazanzibari ndiyo inayotugusa zaidi.

Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901, na katika miaka hiyo yote alifanya kazi na mawaziri wakuu 10, baadhi yao wakiondoka madarakani na kurudi tena. Waziri mkuu mwenye kuungwa mkono na Bunge ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, na Malkia alibakiwa na haki ya kuarifiwa, kushauri na kuonya. Hata hivyo, haki hiyo Victoria hakuiacha ikalala. Mwaka 1839, akiwa hata hajatimiza miaka 20, Robert Peel, aliyeitwa kuunda serikali mpya, alimtaka awabadilishe baadhi ya mabibi waliomhudumia katika kasri, kwa kuwa walikuwa wake na jamaa wa wanasiasa wa upande wa pili. Malkia akakataa katakata, Peel akakataa kuunda serikali, na Melbourne, waziri mkuu wa kabla yake na mlezi wa kisiasa wa Malkia, akarudi kazini kwa miaka miwili zaidi.

Miongoni mwa mawaziri wakuu wa baadaye, Disraeli ndiye Malkia aliyempenda waziwazi, hata akimruhusu kukaa kwenye kiti alipokuwa akisumbuliwa na jongo, wakati desturi ilikuwa waziri asimame mbele yake. Kwa Gladstone, mpinzani wa Disraeli, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1880 Malkia alijaribu kumkwepa asimteue kuwa waziri mkuu, akashindwa. Mwaka 1885, zilipofika habari za kuuawa Jenerali Gordon wa Uingereza mjini Khartoum, Sudan, kabla ya msaada kumfikia, Malkia alimpelekea Gladstone telegramu ya lawama isiyofumbwa kwa maandishi ya siri, ili kila mfanyakazi wa simu ambaye ingepitia mikononi mwake aweze kuisoma. Na mwaka 1894, mzee yule alipojiuzulu baada ya kuwa waziri mkuu mara nne, Malkia hakumuuliza hata nani anafaa kumrithi. Nayataja haya kwa sababu mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa pambo. Alikuwa na maoni, na mawaziri walijua kwamba watayasikia.

Sasa nije kwenye mwaka wetu. Waziri mkuu wa 1890 alikuwa Lord Salisbury, ambaye wakati huohuo alikuwa pia waziri wa mambo ya nje, na ambaye Malkia alimwamini kuliko wengi waliomtangulia. Salisbury alikuwa akijadiliana na Wajerumani kuhusu Afrika Mashariki, na bei aliyoiweka mezani ilikuwa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini chenye wakaazi wapatao 2,000, kilichokuwa mikononi mwa Uingereza tangu vita vya Napoleon. Malkia alipoarifiwa mwezi Juni, alipinga. Hoja yake haikuwa Zanzibar wala gharama. Alisema kwamba watu wa Heligoland walikuwa waaminifu kwake siku zote, na kwamba ni aibu kuwakabidhi kwa serikali nyingine bila ya kwanza kuwauliza wao wenyewe. Ikumbukwe kwamba mfalme wa Ujerumani wakati huo, Wilhelm wa Pili, alikuwa mjukuu wake wa damu, lakini hilo halikumzuia kuisema vibaya serikali ya Ujerumani. Salisbury akamjibu kwamba haiwezekani kuwaachia wenyeji waamue, kwani wakiruhusiwa hao, wenyeji wa vituo vingine vya dola nao watadai vivyo hivyo. Malkia alikubali kwa shingo upande, na akataka ahadi kwamba jambo hilo halitafanywa kuwa mfano wa kufuatwa baadaye.

Tuyapime majibizano hayo kwa utulivu. Suala la ridhaa ya wenyeji lilitajwa na mtu wa juu kabisa katika dola ile, likajadiliwa na waziri mkuu, na likapewa jibu. Lakini lilitajwa kwa ajili ya watu wa upande mmoja tu wa biashara ile. Watu wa Unguja na Pemba walikuwa wengi kuliko wa Heligoland mara nyingi, walikuwa na sultani wao, Sayyid Ali bin Said, aliyeshika kiti Februari ya mwaka huohuo, na walikuwa na mahakama na miji yao. Wao Malkia hakuwasemea, na Salisbury hakuwa na la kumjibu.

Anayedhani natia chumvi na ausome mkataba wenyewe, uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Ibara ya 11 na ya 12 zinafuatana. Ibara ya 12 inawapa wenyeji wa Heligoland muda hadi mwanzo wa mwaka 1892 kuchagua kubaki raia wa Uingereza, inawasamehe wao na watoto wao waliokwisha kuzaliwa wasitumikishwe katika jeshi la Ujerumani, na inaahidi kwamba sheria na mila zao zitaachwa kama zilivyo kadiri itakavyowezekana. Ibara ya 11 inasema kwamba Uingereza itatumia ushawishi wake ili Sultani aikabidhi Ujerumani sehemu yake ya pwani ya bara, na kwamba Ujerumani itaitambua himaya ya Uingereza juu ya milki zake zilizobaki, zikiwamo Unguja na Pemba. Neno la uraia wetu, mila zetu au hiari yetu halimo.

Ndugu Mhariri, jina la Malkia huyu bado lipo Vuga, katika bustani na katika jumba lilimokuwa likikutana Baraza la Kutunga Sheria wakati wa ukoloni. Mwanafunzi anapita hapo kila siku akiwa amekariri mwaka 1890 kwa ajili ya mtihani, asijue kwamba mwaka huo wakubwa wawili wa Uingereza walibishana kuhusu haki ya watu wa kisiwa kuulizwa. Nawaomba wanaohusika na mitaala waziweke ibara hizo mbili, kwa Kiswahili, katika kitabu cha historia cha sekondari, ubavu kwa ubavu katika ukurasa mmoja, pamoja na hoja ya Malkia na jibu la waziri wake mkuu. Tafsiri yake haizidi kurasa mbili, na walimu wa kuifanya tunao hapa hapa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkunazini, Unguja