Kesho hakuna mazoezi ya hoki

Hamjambo wazazi, na vijana mnaosoma kwa simu za wazazi.

Najua mechi ni Jumamosi. Lakini leo pale City Park kijana wetu mmoja alivua kinga ya muundi akawa anabonyezabonyeza chini ya goti, halafu ananiambia, "Siumwi, kocha." Nikamuuliza wiki yake ilivyo: shuleni mara tatu, kwetu mara mbili, Jumapili kandanda na wenzake kwenye saruji. Jamani, ana miaka 13! Mifupa bado inarefuka, na pale chini ya goti ndipo kano huvuta mfupa ambao haujakomaa.

Kipimo tutakachotumia ni chepesi: saa za michezo yote kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 13, saa 13, za shule zikiwemo. Kila wiki awe na siku moja nzima asiyogusa gongo la hoki. Mbili ni bora zaidi. Usiku alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 (simu ibaki sebuleni, tafadhali).

Wapigaji wetu wa kona za penalti, najua mnapenda kuukokota mpira na kuurusha. Mgongo ndio unaolipa. Kuanzia sasa ni mipira kumi tu kwa zoezi, nami nitahesabu.

Jumamosi tutabadilisha wachezaji katika robo zote nne. Asije mtu kuniuliza mbona wake katolewa.

Nitumieni ratiba za shule kabla ya Alhamisi usiku. Mama Kipa, asante kwa machungwa.